Binti yangu anataka kuwa mpiga fidla wa jukwaani: kazi hiyo ikoje?

Swali: Binti yetu ana miaka 13 na mwaka huu amepita Gredi ya 6 ya ABRSM, ile mitihani ya muziki ya Uingereza yenye gredi nane, kwa alama za juu. Kila jioni anamtazama Hilary Hahn, mpiga fidla wa Marekani, kwenye simu na anasema anaitaka kazi ile. Mimi na mama yake hatujui nota hata moja. Kazi hiyo ikoje hasa? Mtu huingiaje? Inalipa? Na je, tumruhusu apunguze masomo ya shule apate muda zaidi wa mazoezi? – Baba wa watoto watatu, Nairobi

Jibu: Ndugu yangu, nianze na jambo ambalo wazazi wengi huambiwa wakiwa wameshachelewa. Kazi ya mpiga fidla anayesimama mbele ya okestra haianzi siku anapoalikwa mara ya kwanza. Mwaliko wa kwanza huletwa na mengi: ushindi katika mashindano, mwalimu mwenye jina, au mpigaji mwingine kuugua ghafla na nafasi yake kutafutiwa mtu. Kazi yenyewe huanza pale okestra ileile inapompigia wakala wake simu baada ya misimu miwili na kusema, tunamtaka tena. Vijana hodari waliopata mwaliko wa kwanza ni wengi mno. Walioishi kwa fidla miaka thelathini ni wale walioalikwa tena na tena. Kwa hiyo katika kila swali ulilouliza nitakuwa natafuta kitu hicho: mtu hurudishwa kwa sababu gani, na katika hayo ni yapi binti yenu anaweza kuanza kuyajenga sasa, akiwa hapo Nairobi.

Tuitazame wiki moja ya kazi. Mpigaji amealikwa kupiga konseto ya Beethoven, yaani kipande kirefu chenye sehemu tatu kinachomweka mpiga fidla mmoja mbele ya okestra nzima. Jumanne anashuka kwenye ndege akiwa bado na usingizi wa bara jingine. Jumatano anakaa nusu saa na kiongozi wa okestra katika chumba chenye piano. Hapo wanakubaliana mwendo, mahali atakapotaka kuvuta muda kidogo, na kadenza atakayopiga, yaani sehemu ambayo mpigaji hubaki peke yake bila okestra, maana Beethoven hakuandika kadenza kwa ajili ya fidla katika konseto hii, na wengi hutumia ile ya mpiga fidla Fritz Kreisler. Baada ya hapo ni mazoezi na okestra. Kipande kina zaidi ya dakika arobaini, na huenda kikapewa saa moja na nusu tu, kwa sababu okestra ina simfoni nzima ya kuandaa kwa ajili ya nusu ya pili ya tamasha. Alhamisi asubuhi wanapitia mara moja ya mwisho, na usiku ni onyesho. Ijumaa na Jumamosi wanarudia. Jumapili yuko uwanja wa ndege tena, kichwani ana konseto nyingine ya mji mwingine.

Na usiku wenyewe ukoje? Konseto hiyo hufunguliwa na timpani, ngoma kubwa za okestra, peke yake, mapigo manne ya taratibu. Kisha okestra inacheza kwa dakika tatu hivi huku mpiga fidla amesimama pale mbele, chombo mkononi, ukumbi mzima unamtazama. Vidole vinapoa. Zamu yake inapofika hapewi wimbo mtamu wa kuanzia. Anapanda kwa oktavu, noti ya chini kisha ileile juu, tena na tena, okestra ikiwa karibu imenyamaza. Kidole kikikosea kwa upana wa unywele, kila mtu anasikia. Katika konseto ya Sibelius mpigaji huingia karibu mara moja, juu ya sauti za fidla nyingine zinazonong'ona. Katika ile ya Mendelssohn okestra haijamaliza hata kujitambulisha, naye ameshaanza kuimba. Kila konseto ina mlango wake wa hofu, na mpigaji wa kazi hii lazima awe amepita katika kila mlango mara nyingi sana kabla hajalipwa kupita hadharani.

Sasa, okestra humrudisha nani? Kupiga bila makosa ni sharti la kuingia, wote wanaofika pale wanaweza. Anayerudishwa ni yule aliyewasikiliza wenzake. Katika sehemu ya tatu ya Beethoven kuna mahali ambapo fidla inatoa wimbo wa huzuni kidogo, na basuni, chombo cha kupuliza chenye sauti nzito, inaupokea. Mpigaji mmoja humaliza wimbo wake na kungoja zamu inayofuata. Mwingine humgeukia kidogo mpiga basuni, akaupunguza upinde wake na kumfuata anavyopumua. Wanaokaa kwenye viti vya okestra huona tofauti hiyo papo hapo, na wao ndio wanaoulizwa na uongozi, rasmi au kwenye korido, yule mgeni alikuwaje. Anayerudishwa pia ni yule aliyefika na kipande kikiwa tayari kichwani, aliyebadilisha mwendo bila kununa kiongozi alipomwomba, na aliyepiga vizuri Jumamosi kama alivyopiga Alhamisi.

Hata konseto hiyo yenyewe ilihitaji kurudishwa. Franz Clement aliipiga kwa mara ya kwanza Vienna mnamo Desemba 1806, na kwa miaka mingi baadaye ilipigwa mara chache sana. Iliyoiinua ni siku moja ya Mei 1844 London, Felix Mendelssohn akiongoza okestra na Joseph Joachim akipiga fidla. Joachim alikuwa na miaka 12.

Mfano huo wa Joachim unanipeleka kwa Hilary Hahn, na hapa naomba tusemezane ukweli. Alizaliwa mwaka 1979 Virginia, akakulia Baltimore, na alishika fidla kabla hajatimiza miaka minne. Kuanzia 1985 alifundishwa na Klara Berkovich kwa miaka mitano. Akiwa na miaka 10 alikubaliwa Curtis Institute of Music kule Philadelphia, chini ya Jascha Brodsky, mzee aliyekuwa ameshavuka miaka themanini na ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mwanafunzi wa Eugène Ysaÿe, mpiga fidla mashuhuri wa Ubelgiji. Alipiga na okestra ya Baltimore mwaka 1991. Akiwa na miaka 16 alisaini mkataba na kampuni ya kurekodi, na rekodi yake ya kwanza, iliyotoka 1997, ilikuwa muziki wa Bach wa fidla pekee, bila piano wala okestra. Watoto wa umri ule kwa kawaida hupewa vipande vya kuonyesha kasi ya vidole. Yeye alianza na muziki ambao hauna pa kujificha, na nadhani uamuzi ule umemlinda kazini hadi leo: waliomsikia walijua wanamwalika mwanamuziki, wala hawakumwalika mtoto wa ajabu.

Ukilinganisha, binti yenu yuko Gredi ya 6 akiwa na miaka 13. Hayo ni maendeleo mazuri, na alama za juu zina maana. Lakini Hahn katika umri huo alikuwa anapiga konseto nzima na okestra, na vyuo vikubwa huanzia juu ya Gredi ya 8, wala haviishii hapo. Kwa maoni yangu uwezekano wa kufika kwenye maisha yale hasa, ya okestra za New York na Berlin mwaka mzima, ni mdogo sana, na nisingekutendea haki kama ningelificha hilo. Uwezekano wa kuwa mpiga fidla wa kulipwa, anayeheshimiwa, anayepiga konseto mara kadhaa kwa mwaka na kuishi kwa muziki, hilo ni jambo jingine kabisa. Uko wazi, ikiwa miaka mitano ijayo itatumiwa vizuri. Na mafunzo ya njia zote mbili ni yaleyale, kwa hiyo hampotezi chochote kwa kuanza.

Kuhusu kuingia. Njia ya Hahn, ya kugunduliwa utotoni na kukuzwa taratibu, ni ya wachache. Midori, mpiga fidla aliyezaliwa Osaka, Japani, mwaka 1971, aliingia kwa njia hiyo pia. Julai 1986, akiwa na miaka 14, alikuwa anapiga Tanglewood kule Massachusetts, Leonard Bernstein akiongoza kipande alichokitunga mwenyewe. Uzi wa juu kabisa ukakatika. Msichana akamgeukia kiongozi wa wapiga fidla, akachukua fidla yake, akaendelea. Uzi ukakatika tena. Akachukua ya msaidizi wake, akamaliza bila kupoteza mwendo. Fikiria: fidla mbili za watu wengine, kubwa kuliko aliyoizoea, kila moja na upana wake wa shingo, na vidole vinapata mahali pao kila mara. Gazeti la New York Times liliandika habari hiyo ukurasa wa mbele. Kwangu mimi habari ni kwamba masikio yake ndiyo yaliyokuwa yanaongoza vidole, na hilo halitokani na bahati.

Lakini msomeni Midori hadi mwisho. Katika miaka ya ishirini ya umri wake alipitia sonona na matatizo ya kula, na ameyaeleza mwenyewe hadharani. Alisoma saikolojia katika Chuo Kikuu cha New York hadi shahada ya uzamili, akaanzisha shirika la kuwapelekea watoto wa shule za New York muziki, akawa mwalimu. Bado anapiga. Mtoto anayebeba matumaini ya watu wazima jukwaani anabeba mzigo ambao haumo kwenye nota, na wanaoweza kuuona mapema ni wazazi, hata wasiojua nota hata moja.

Njia ya pili ni mashindano. Makubwa ya fidla ni machache: Queen Elisabeth kule Brussels, Tchaikovsky kule Moscow, Sibelius kule Helsinki, Indianapolis kule Marekani, Wieniawski kule Poland, na Menuhin kwa walio chini ya miaka 22. Brussels wana utaratibu wa pekee: wanaofika fainali hufungiwa wiki nzima mahali pamoja, bila simu wala mwalimu, wakijifunza konseto mpya ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Naupenda utaratibu huo kwa sababu unapima kile ambacho kazi itadai baadaye, yaani kusoma ukurasa mgeni na kuufanya muziki bila mtu wa kukushika mkono. Kwa walio wengi, ushindi huleta msimu mmoja au miwili ya mialiko, kisha mshindi mpya anatokea. Na kushindwa hakufungi mlango. Mwaka 1935 kule Warsaw, Ginette Neveu wa Ufaransa, msichana wa miaka 15, alichukua nafasi ya kwanza, na David Oistrakh kutoka Umoja wa Kisovieti akawa wa pili. Miaka miwili baadaye Oistrakh alishinda Brussels, na mwaka 1955 ndiye aliyepiga kwa mara ya kwanza konseto ya kwanza ya fidla ya Shostakovich.

Hapa nitoe onyo. Wapo watu watakaowaandikia mkiweka video za binti yenu mtandaoni. Watajiita mawakala au waandaaji wa mashindano, watasema amechaguliwa kupiga katika ukumbi maarufu New York au Vienna, na watataka ada. Kumbi hizo hukodishwa kama kumbi nyingine. Wakala wa kweli hulipwa asilimia ya malipo baada ya mpigaji kulipwa, na hamtafuti mtoto wa Gredi ya 6. Msitume hata shilingi.

Pesa sasa. Waimbaji wa muziki wa kisasa huishi kwa tiketi na matangazo. Mpiga fidla wa jukwaani hulipwa kwa kila tamasha, na mialiko hupangwa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu kabla. Wenye majina makubwa hupata malipo makubwa kweli. Lakini tumchukue kijana wa miaka 24 anayeanza, anayeishi Berlin, amealikwa na okestra ya mji wa kati Marekani kwa dola 4,000. Naweka hesabu ya mfano tu. Asiye mkazi hukatwa kodi ya asilimia 30 ya malipo yote kabla ya gharama, yaani 1,200, ingawa baadhi yake inaweza kurudi akijaza fomu zake vizuri. Wakala akichukua asilimia 20, ni 800. Tiketi ya ndege, mara nyingi ya kwake mwenyewe katika hatua hii, tuseme 900. Anabaki na 1,100 kwa juma zima la kazi na miezi ya maandalizi nyuma yake. Kuna bima ya fidla, kuna nyuzi, kuna mpiga piano wa kulipwa kila anapofanya tamasha la watu wawili. Mwenye pasipoti ya Kenya ana hesabu ya ziada ya viza, ya Marekani na ya Schengen, na mwaliko unaokuja kwa ghafla, ule wa kuziba nafasi ya mgonjwa, unaweza kumpita kwa sababu hiyo tu. Ndiyo maana karibu wapigaji wote, hata wakubwa, hufundisha, hupiga katika vikundi vidogo, au hushika kiti katika okestra.

Kiti cha okestra kinastahili heshima zaidi kuliko kinavyopewa na vijana. Okestra kubwa za Marekani hulipa zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, na mwenye kiti analala nyumbani kwake. Usaili wake ni mgumu kwa namna yake. Mpigaji anaingia jukwaani tupu. Kati yake na waamuzi kuna pazia, zulia limetandikwa ili mlio wa viatu usiwaambie kama ni mwanamke au mwanamume, na haruhusiwi kusema neno. Anapiga mwanzo wa konseto ya Mozart, kisha vipande vifupi vya okestra: ukurasa wa kwanza wa Don Juan ya Richard Strauss, ile sehemu ya haraka ya simfoni ya pili ya Schumann ambayo vidole havipumziki. Dakika chache tu, kisha sauti nyuma ya pazia inasema asante. Mtu mmoja anachukuliwa, pengine hakuna anayechukuliwa. Pazia hilo limewafungulia wanawake wengi milango tangu lilipoenea miaka ya 1970.

Mtaulizwa pia kuhusu chombo, kwa hiyo niseme kidogo. Mwaka 2011 fidla moja ya Stradivari, fundi wa kale wa Italia, iitwayo Lady Blunt iliuzwa kwa dola milioni 15.9. Hakuna mpigaji kijana anayenunua kitu kama hicho. Fidla za namna hiyo huwa mali ya wakfu, benki au matajiri, na wapigaji huazimwa kwa mkataba na kuzirudisha. Na wala si lazima. Hahn anapiga fidla ya karne ya 19, ya fundi Vuillaume wa Ufaransa. Christian Tetzlaff wa Ujerumani anapiga fidla iliyotengenezwa na fundi aliye hai. Utafiti uliochapishwa 2014 uliwapa wapigaji kumi mashuhuri fidla sita za zamani za Italia na sita mpya, wakazijaribu bila kuona ni ipi, na sita kati yao walichagua mpya. Binti yenu anachohitaji ni fidla ya ukubwa kamili, kama mkono wake umefika, iliyokaguliwa na fundi anayejua kukata kidaraja, yaani kile kibao chembamba kinachoinua nyuzi, na upinde ulionyooka unaobadilishwa nywele walau mara moja kwa mwaka. Mkiwa na pesa ya kuongeza, iwekeni kwenye upinde kabla ya fidla. Mkienda Mombasa likizo, msiiache ndani ya gari hata kwa nusu saa. Joto lile linafungua gundi.

Mwili nao una mipaka. Maumivu ya shingo, bega au kifundo cha mkono hayana fahari yoyote. Akiyataja, anasimama siku hiyo, na mwalimu anatazama namna anavyoshika fidla. Nimewaona vijana wenye kipaji kikubwa wakipoteza mwaka mzima kwa kuficha maumivu ya wiki mbili.

Sasa tufike nyumbani kwenu. Swali la kwanza si saa ngapi anafanya mazoezi, ni nani anayemfundisha na kama mwalimu huyo anaweza kumpigia kipande kizima mbele yake. Mtoto hujifunza sauti kwa kuisikia karibu. Mwalimu mzuri pia hujua siku ya kumkabidhi mwanafunzi kwa mwingine, na Hahn mwenyewe alibadilisha mwalimu akiwa na miaka 10. Muulizeni mwalimu wenu kwa adabu: baada ya miaka miwili ungependa asome kwa nani? Jibu lake litawaambia mengi. Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa 1944, ni mahali pa kuanzia kuulizia walimu na wapiga piano wa kushirikiana nao.

Mazoezi: saa mbili hadi tatu kwa siku zinatosha kwa umri huu, zikigawanywa vipande vya dakika arobaini na tano. Skeli, yaani kupanda na kushuka ngazi ya noti, kila siku, polepole, akisikiliza kila noti. Mazoezi ya Kreutzer, ambayo wapiga fidla wamekuwa wakiyapitia tangu mwisho wa karne ya 18. Sehemu moja ya Bach wa fidla pekee iwe inaendelea wakati wote. Konseto moja ya kweli kwa mwaka, ajifunze sehemu zote tatu, asiishie kwenye ile moja ya mtihani. Vinavyoingia vidoleni kabla ya miaka ishirini hukaa, na mpigaji mwenye shughuli huwa na konseto ishirini au thelathini anazoweza kuzirudisha kwa wiki chache. Mitihani ya gredi iendelee ikimsaidia kupanga mwaka, lakini mwaka usiliwe na vipande vitatu vya mtihani.

Na apige na wengine, sana. Hapa ndipo ujuzi wa kurudishwa unapojengwa. Kikundi cha watu wanne, okestra ya vijana, kanisani, shuleni. Nairobi ina okestra yake tangu 1947, na vijana wa Ghetto Classics, mradi wa muziki kule Korogocho, wameonyesha kiwango kinachoweza kufikiwa hapa kwa kupiga pamoja kila wiki. Anayepiga peke yake chumbani miaka sita hufika okestrani akiwa kiziwi kwa jirani yake. Mkipata nafasi ya kwenda Unguja, mpelekeni akasikilize fidla katika taarab, jinsi wapigaji wanavyoteleza pamoja ndani ya noti ambazo piano haina, bila kuangalia karatasi. Muziki ni mwingine, lakini masikio ni yaleyale.

Awe anapiga mbele ya watu walau mara moja kwa mwezi, hata watu kumi. Mpigeni picha za video, azitazame siku ya pili, si usiku uleule. Na kila baada ya miezi sita hesabuni jambo moja: ni nani aliyemwomba apige mara ya pili? Kwaya iliyomwita tena, mwalimu wa shule jirani aliyemtaka arudi, kikundi kilichosema hakianzi bila yeye. Kipimo hicho nakiamini kuliko cheti. Kuhusu Hahn kwenye simu, msimkataze. Mwelekezeni tu kwenye video za siku mia za mazoezi alizoanza kuziweka mwaka 2017, ambamo anarudia mstari mmoja, anakosea, anasimama, anaanza tena. Hizo zina faida kwake kuliko maonyesho yaliyokamilika.

Akifika miaka 16 na bado anataka, andaeni maombi ya vyuo mapema. Curtis haijatoza ada ya masomo tangu 1928, na ndiyo maana ni vigumu mno kuingia. Yehudi Menuhin School kule Surrey, Uingereza, ni shule ya bweni inayopokea watoto na ina ufadhili kwa familia zisizojiweza. Vyuo vya umma vya muziki Ujerumani, katika majimbo mengi, havitozi ada ya masomo hata kwa wageni, ingawa Baden-Württemberg hutoza euro 1,500 kwa muhula kwa wasio wa Umoja wa Ulaya. Usaili wa fidla kwa kawaida hudai Bach wa fidla pekee, konseto, na kipande kimoja cha ufundi wa vidole. Vyuo vingi huanza kwa video, kwa hiyo ada ya ndege si lazima itumike kabla ya kujua kama anatakiwa.

Na shule? Asipunguze masomo. Hahn alikuwa amekamilisha masharti ya shahada yake Curtis akiwa na miaka 16, na bado alibaki hadi 1999 akisoma lugha na fasihi kwa hiari yake. Binti yenu ana saa mbili na nusu kwa siku bila kugusa hesabu wala sayansi, ikiwa simu itakaa sebuleni na ikiwa atafanya kipindi kimoja cha mazoezi asubuhi kabla ya basi la shule. Kama shule yake ina Kijerumani, achukue Kijerumani. Vyuo vile vya Ujerumani hudai cheti cha lugha, na kukipata kunachukua miaka.